Kiti Chako cha Ukatibu Tarafa

Rafiki yangu Shomari,

Nakuandikia nikiwa ofisini kwako, maana wamenikalisha mimi hapa. Katibu tarafa ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa bwana shamba tu, wa kufuatana nawe vijijini. Zuhura wako ametoka eda, amerudi kwa mama yake Kaole. Watoto wanasoma.

Hapa mjini wanasema uliuawa na mtu mbaya. Mimi nilikuwepo, na nawe unajua ilivyokuwa.

Uliwaambia wakubwa wa wilaya mapema. Kule walikotaka kuwahamishia watu wa kile kijiji cha karibu na Miono, katika operesheni hii ya vijiji vipya, hapakuwa na maji. Ukasema kichimbwe kisima kwanza, ndipo watu wahame. Wakakujibu kwamba amri imetoka juu, kazi yako ni kutekeleza. Wakakutuma ukaongee na watu, na nyuma yako wakapeleka lori la mgambo bila kukuambia.

Ulikuwa umesimama mkutanoni, unawaahidi watu kwamba hataguswa mtu mpaka kisima kiwepo, moshi ukazuka upande wa bondeni. Ulikimbia, Shomari, nami nikakufuata. Mgambo walikuwa wanatia kiberiti makuti, wanavunja mitungi kwa mateke, wanawaburuta wanawake kwa kanga zao. Bibi kizee mmoja alikuwa bado ndani. Ukaingia, ukatoka naye mgongoni, shati lako linaungua. Ulipomlaza chini, mwanawe Kondo akatokea shambani na panga. Aliona nyumba inateketea, mama yake yuko chini, na aliyemwinamia ni mtu wa serikali. Angejuaje? Akakukata shingoni.

Damu yako ilinirukia mpaka mdomoni. Mgambo wakamwangusha Kondo, wakamponda kwa vitako vya bunduki, nikasikia mbavu zikivunjika. Nawe, roho inakutoka, ulinishika mkono ukasema, "Wasimpige. Nyumba yake ndiyo inayoungua."

Nilipiga kelele mpaka wakamwachia. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha haribika.

Wakubwa walikuja mazikoni, wakahutubia. Kabla watu hawajatawanyika nikawasikia wanapanga kurudi kule na malori, walipize kisasi kwa jina lako. Nikawaambia mbele ya waliokuzika, "Amri mlitoa nyinyi, na mgambo mliwapeleka nyinyi. Mkienda kuchoma tena, mtanichoma na mimi." Nilidhani nitalala mahabusu. Badala yake wakanipa kiti chako. Pengine walitaka waone nitaishia wapi.

Kijiji kilichofuata niliwatangulia mgambo. Nilikaa na wanakijiji, wakachagua wenyewe pa kuhamia, karibu na mto. Kiongozi wa mgambo akaja na kiberiti vilevile. Nilipomshika mkono alinitwanga kitako cha bunduki mdomoni, nikatema meno. Lakini watu walinizunguka, wanawake mbele, wala hakuna aliyeinua panga. Akatutazama, akapanda lori lake. Walihama baada ya kuvuna, wamebeba milango yao vichwani. Haikuungua nyumba hata moja. Tarafa nyingine bado wanachoma, sikufichi.

Kortini niliyasema maneno yako ya mwisho. Kondo hakunyongwa, amefungwa. Nilikwenda kumpa mama yake habari. Sasa anaishi kwa binti yake Kiwangwa. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, yule alinitoa motoni, na wangu akamwua. Nimlilie yupi?"

Shomari, nilimshika mkono. Nilikaa naye tu, tukalia.

Haya, ndugu yangu, nakuaga. Mola akupe kauli thabiti, akukunjulie kaburi lako. Nilichokosa kukuambia ukiwa unanisikia nakuambia sasa: maadamu nipo kwenye kiti hiki, hapa maji yatatangulia, watu ndio watafuata. Na Kondo akifunguliwa, nitakuwa mlangoni mwa gereza mimi mwenyewe, nimpeleke kwa mama yake.

Ni mimi,
Athumani