Mtoto Aliyemheshimu Mwalimu Mpaka Akanyamaza

Suma,
Tukuyu,
Rungwe.
29 Novemba 2025

Wifi yangu mpenzi, mama Tuse,

Hujambo huko Tanga? Ule mguu uliokuwa unavimba ukisimama zamu ndefu wodini umepona, au bado unajifanya muuguzi asiyeugua? Na joto je? Huku kwetu mvua zimeanza vizuri, ukungu haupandi mpaka saa nne, na nguo nilizofua Jumatatu bado nazigeuza juu ya jiko.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Kaka yako Amoni ana kile kikohozi chake cha kila msimu na dawa hataki, unamjua. Baba mzima, anapalilia migomba yake mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mwanao Tusekile ni mzima sana. Akikuta mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, mezani anakula mpaka namuuliza kama ametumwa na watu.

Utasema, huyu naye, barua ya nini wakati simu ipo. Wifi, kwenye simu hunisikilizi. Nikifungua mdomo umeshauliza maswali matatu na umeshajijibu mawili. Haya ninayotaka kukuambia yanamtaka mtu aliyekaa chini, mwenye chai yake, asiyeweza kunikatiza. Kwa hiyo nampa Erasto, ambaye wiki hii analeta maparachichi huko kwenu, na nimemwambia asipokukabidhi mkononi asije kula kwangu Krismasi.

Mwezi wa tisa uliniuliza mtoto anasoma au hasomi. Ukasema tangu tumzike shemeji umemwacha kwa babu yake kwa sababu ya zamu zako, lakini kama mwaka unaisha bila yeye kusoma, Desemba unakuja kumchukua umtafutie shule huko. Nilikujibu kwamba anaendelea vizuri. Sasa nakuandikia jinsi alivyoendelea, ili uamue ukijua.

Shule yetu mpya ya masista ndiyo inamaliza mwaka wake wa kwanza. Januari tulianza na vyumba vinne, rangi haijakauka, na matope ya uwanjani yanawavua watoto viatu. Tuna awali na darasa la kwanza tu, na la kwanza nikapewa mimi. Mkuu wetu ni Sista Agness, Mngoni wa Songea, mcheshi, ila akikuangalia juu ya miwani unajua umechelewa.

Wakatoliki darasani kwangu ni wachache, wengi ni watoto wa Kimoravian kama sisi. Yupo na Ikram, binti wa Yussuph yule muuza vitenge, ambaye ndiye shoga wa Tusekile. Baba, na uzee wake wa kanisa, alimtuma Amoni aulize kama mjukuu wake atarudi na rozari shingoni. Sista akajibu atarudi na herufi kichwani, na Baba akaridhika. Sasa kabla ya uji Tusekile anasali Salamu Maria, Ikram anasema bismillahi yake, halafu wote wawili wanagombania kikombe chenye mkono mwekundu.

Ungependa kuliona darasa letu. Kuhesabu tulianza na kokwa za maparachichi, tukazihesabu mpaka zikachipua kwenye ndoo, ikabidi tuzipande nyuma ya darasa. Silabi tumeziandika kwenye vipande vya maboksi tukazianika kwenye kamba kama nguo. Mtoto akichuma MA na JI anapata maji, na akichuma vibaya wenzake wanamcheka mpaka arudishe. Ijumaa ni nyimbo na michezo ya kuigiza, na hapo sauti yangu hukauka mpaka Jumapili.

Na kila asubuhi mmoja mmoja anakuja mbele, anasimama kando yangu na kusoma ukurasa kwa sauti, akiniangalia kila anapofika kwenye nukta. Hapo ndipo shida ya mwanao ilipokuwa.

Tusekile anaandika vizuri kuliko darasa zima, na kwa hesabu huwa wa kwanza kunyoosha daftari. Lakini nikimwita mbele, anakuja kwa adabu zote, anapiga goti kidogo, ananipa mgongo, anaziba mdomo kwa kiganja, basi. Hakuna neno. Nikimsogelea anatazama ukutani. Muhula wa kwanza ukaisha hivyo. Wa pili nao ukaelekea huko huko, hajawahi kunijibu hata "ndiyo, Madam".

Halafu kengele ya mapumziko ikilia, namsikia nje anafundisha wenzake. Anasoma kila kibandiko cha ukutani, tena kwa sauti ya kuuza samaki! Nikitokea mlangoni, kimya.

Nilijaribu kila kitu, wifi. Nilidhani Kiswahili kinamtatiza kwa kuwa kwa Baba wanaongea Kinyakyusa tupu, nikamsemesha Kinyakyusa, wapi. Nikampa peremende, akaipokea kwa mikono miwili akiwa amenigeuzia mgongo. Tukampeleka hospitali ya Makandana akapimwe masikio, masikio mazima. Sista akasema pengine ni msiba wa baba yake haujamtoka, tumpe muda. Siku moja nilichoka nikamkaripia mbele ya wenzake, akalia bila sauti, na mimi nikajuta.

Mwenye kujua angekuwa Baba anayeishi naye. Na Baba ndiye mtu mmoja katika Suma nzima nisiyeweza kumuuliza.

Wewe ni binti yake, mbele yake haya hayajawahi kukugusa, kwa hiyo pengine umesahau maisha ya mkamwana. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumwangalia baba mkwe usoni wala kumwambia neno. Akija kwetu natokea mlango wa nyuma na chakula chake wanapeleka watoto. Nikimwona njiani naingia kwenye mashamba ya chai ya watu, nampa mgongo, najitanda kanga mpaka apite. Siku hizi mabinti wengi wa mjini wameyaacha, na Amoni aliniambia zamani kwamba halazimishi. Lakini mimi mama yangu alinilea hivyo, na Baba naye ni mtu wa mambo hayo. Sikuwahi kuona kuna ubaya.

Mwezi wa kumi siku moja mvua ilishuka wakati wa kutoka, ile ya kutooneana. Wazazi wakaja na miavuli. Nikachungulia dirishani nikamwona Baba anakuja na mwavuli wake mweusi kumchukua Tusekile. Nikafanya kama siku zote, nikaingia kwenye kijistoo chetu cha vifaa na kuurudisha mlango.

Ikram hana breki mdomoni. Nikamsikia anauliza kwa sauti, Madam anamwogopa babu yako, mbona amejificha?

Na Tusekile akamjibu, taratibu kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Hajajificha. Anamheshimu. Mtu unayemheshimu sana humwangalii, na huongei mbele yake. Ndiyo maana na mimi sisomi mbele ya Madam."

Nilikaa chini kwenye gunia la chaki, wifi. Mwaka mzima nimemtafutia mtoto ugonjwa, kumbe alikuwa ananipa heshima yote aliyoijua, na aliijua kwa kuniangalia mimi. Goti lile, kiganja kile mdomoni, ule mgongo, vyote vilikuwa vyangu. Nililia mule stoo mpaka Sista akaja kutafuta ufagio akanikuta.

Kumweleza Sista kulichukua muda. Kwao Songea wana heshima zao lakini si hizi. Alidhani nimegombana na mkwe. Alipoelewa hakucheka, alisema tu kwamba basi nimwambie mtoto aongee, mimi namruhusu. Nikamwambia nikimwambia hivyo atanitii kwa kuinamisha kichwa. Maneno yangu hayawezi kufuta anachokiona kwa macho yake kila wiki.

Jioni nikamweleza Amoni, na Amoni akaenda kwa Baba. Alirudi haraka. Akasema Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza siku ya wazazi ni lini. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi sikulala vizuri wiki ile yote. Niliogopa atamwondoa mtoto shuleni. Niliogopa pia atakuja.

Alikuja. Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa iliyopita. Watoto walikuwa wameimba, wameonyesha miche yao ya parachichi, akina mama wamejaa kwenye vidawati magoti yakiwagusa kidevu. Nikasikia kikohozi cha Baba kibarazani, kile anachokohoa kunipa nafasi ya kuondoka. Nikageuka kuelekea stoo. Akakohoa tena, halafu akaita.

"Mwalimu, habari za kazi?"

Wote pale ni watu wa hapa hapa, wanajua. Bibi mmoja alishika mdomo, mwingine akainuka akatoka nje kabisa. Mimi nilikuwa nimekamata kitasa cha mlango wa stoo. Ninakuapia sijui niliugeuzaje mwili. Nilimtazama Tusekile kwanza, alikuwa amekaa mbele, ameacha mdomo wazi. Ndipo nikamwinulia baba mkwe uso.

"Shikamoo, Baba. Karibu ndani."

Akaitikia marahaba. Akaingia akasimama katikati ya darasa, kofia mkononi, akamwambia mjukuu wake kwamba nyumbani mimi ni mkwe wake na namheshimu kwa namna ya nyumbani. Humu ndani mimi ni mwalimu, na heshima ya mwalimu ni kumwangalia na kumjibu. Akasema na yeye humu ndani ataniangalia, ameshaanza. Kisha akakaa kwenye kidawati.

Nikamwita Tusekile. Akaja, akapiga goti lake, na mgongo ukaanza kugeuka kwa mazoea. Akasita. Akamtazama babu yake, akanitazama mimi. Ana macho yako, wifi, sijui nilikuwa naangalia wapi mwaka mzima. Akafungua kitabu akasoma.

Alisoma ukurasa kwa ile sauti yake ya kuuza samaki, na kila nukta ananitumbulia macho kama alivyoambiwa. Ukurasa ukaisha, akafungua wa pili. Ukaisha, akafungua wa tatu, mpaka Ikram akamvuta sketi na kusema na wengine wanataka. Akina mama walipiga vigelegele. Sista alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako. Mtoto anasoma. Amekuwa anasoma tangu Machi, na ameshavuka kwenda la pili.

Nje ya geti hatujabadilisha kitu. Juzi nilimwona Baba kwenye njia ya Lupepo nikaingia kwenye chai kama kawaida, na yeye akakohoa kama kawaida. Wapo wanaosema nimemkosea adabu mzee mbele za watu. Waseme. Lakini lipo moja lililobaki, na hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Wazazi walipotoka, Baba alibaki kwenye kile kidawati. Mimi nakusanya vitabu, Tusekile yuko nje na Ikram. Akaniambia nikuandikie. Akasema, nanukuu maneno yake yote:

"Mwambie mama yake mtoto anaongea. Nilikuwa sitaki kumpa mtoto aliye bubu shuleni akamlee peke yake kwenye nchi ya watu. Sasa akitaka kumchukua, amchukue. Mimi sitamzuia."

Nilitakiwa kujibu, maana tulikuwa ndani ya darasa. Nikamwangalia tu.

Wifi, mimi nimepika chakula cha baba yenu miaka yote hii na nilikuwa sijui sura yake. Naijua sauti ya kikohozi chake na hatua zake, nikajitengenezea kichwani mzee mwenye nguvu wa siku ile ya harusi yangu. Nyinyi mnamwona kwenye simu, picha ya kidole na nusu ya paji la uso. Mimi nimemwona kwa karibu, mchana, kwa ruhusa yake. Amekwisha, wifi. Mashavu yameingia ndani, jicho la kushoto lina ukungu, na aliposema "sitamzuia" kidevu kilikuwa kinacheza kama cha mtoto anayejikaza.

Uamuzi ni wako, Tusekile ni wako, na mimi sina mamlaka ya kukuambia mchukue au mwache. Ila Desemba ukija, usianze na kufunga mizigo ya mtoto. Kaa kwanza na baba yako umwangalie usoni, wewe ambaye hukukatazwa kamwe.

Nisalimie sana dada Neema mliyepanga naye nyumba moja, na mama yule Sauda anayekuuzia maandazi, mwambie nakumbuka ukarimu wake. Huku wanakusalimu Amoni, watoto wote, Sista Agness, na Baba. Ndaga fijo, asante sana, kwa vitambaa ulivyotuma. Mungu akushike mkono kazini, aupoze mguu wako, akulete salama.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Atuganile