Meza Yako Imeingia Uyole

Mama yangu mpendwa,

Nimepata chumba cha kushonea. Ungekuwepo ningekupigia simu siku ile ile nilipokabidhiwa ufunguo, na ungeniuliza kwanza dirisha liko upande gani. Kiko Uyole, kinatazama barabara ya kwenda Tukuyu, na ni kidogo kuliko jiko lako la Nyololo. Kikiwa kitupu nilikiona kikubwa. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Unakumbuka nilivyokuwa nakucheka kwa kuokota mifuko ya saruji? Ulikuwa unaikung'uta, unainyoosha kwa pasi ya mkaa, halafu unakatia vipimo vya magauni kwenye karatasi zake. Basi nami nimefanya hivyo hivyo, ila nimekikatia chumba. Nilikata karatasi ya cherehani, ya kabati, ya ubao wa pasi na ya meza, kila kimoja kwa ukubwa wake, nikazitandaza sakafuni na kuzisogeza mpaka zikakaa. Cherehani niliiweka mwanga uje kutoka mkono wa kushoto, kama ulivyonifundisha, kivuli cha mkono kisije kikafunika mshono. Nyuzi ukutani kwenye misumari, nyeusi na nyeupe karibu na mkono kwa kuwa ndizo zinazokwisha haraka. Pasi kona ya mbali na vitambaa. Nguo zilizokamilika juu, kwenye bomba, ili chini pabaki pa kupita.

Karatasi zote zilienea. Nikafurahi, nikahamisha vyombo. Mlango ukagonga kabati, droo ya cherehani ikakataa kufunguka, na mimi mwenyewe nikawa naingia kiubavu. Nilikuwa nimekata bila kuacha akiba ya mshono, Mama, kosa ulilonikemea tangu nikiwa msichana mdogo. "Hii nguo ya picha," ungesema. "Mwenyewe atapumulia wapi?"

Kabati nimelitoa, nimeweka rafu juu ya mlango. Kilichobaki kunisumbua ni meza yako, ambayo ilikuwa bado Nyololo. Unaujua urefu wake. Baba aliitengeneza ili utandike joho zima la kwaya bila kukunja, na mimi na Dada Upendo tulikulia chini yake, tukigombea vipande vilivyokuwa vinaanguka. Yeye alikuwa na upande wa barabarani, mimi wa jikoni, na ole wangu nivuke. Kwenye chumba changu ingeingia ikiwa imekatwa tu.

Nilimpigia Dada.

"Uikate?" akasema. "Labda unikate mimi kwanza."

"Sasa ibaki huko iliwe na mchwa?"

"Ibaki."

Akakata simu. Sikumkasirikia sana. Ni yeye aliyekuuguza nyumbani, na ni juu ya meza hiyo alikolipigia pasi gauni tulilokuzika nalo. Mimi nilifika kila kitu kikiwa tayari. Lakini bila meza sina pa kukatia, na fundi asiye na pa kukatia anabaki kuweka zipu na kupunguza suruali. Nilikaa siku kadhaa nikikatia sakafuni, mgongo ukiuma, nikiogopa kumpigia tena. Niliogopa kumpoteza dada kwa sababu ya mbao.

Kilichonisaidia ni ule utaratibu wako wa mabaki. Mafundi wengine walibaki na vipande vya wateja wao. Wewe ulivikunja, ukavifunga kwa utepe wa pindo la kitambaa hicho hicho na kumkabidhi mwenyewe pamoja na nguo. Hata kikiwa cha ukubwa wa kiganja. Wateja walikuwa wanakuuliza, "Sasa hiki nikifanyie nini?" Nawe unajibu bila kuinua macho, "Sijui. Lakini ni chako."

Nikampigia Dada tena. Nikamwambia meza ni yetu sote, ikikatwa, kitakachobaki ni chake.

Nikasikia akivuta kiti na kuketi.

"Kipande cha upande gani?"

"Wa barabarani."

"Haya. Nitakuja nayo mwenyewe."

Alikuja na meza nzima, juu ya lori la mtu anayemfahamu, akamsimamia seremala mpaka msumeno ulipotoka upande wa pili. Sasa upande wangu una bawaba: nikikata kitambaa naushusha, nikimaliza naupandisha ukutani, na chumba kinapumua. Kipande chake nilikifuta vumbi, nikakifunga kwa utepe wa pindo na kumkabidhi kwa mikono miwili. Kina alama ya pasi iliyoungua siku ile ya gauni lako. Aliipapasa kwa muda.

"Sasa hiki nikifanyie nini?"

"Sijui. Lakini ni chako."

Tulicheka, Mama, halafu tukalia, yeye akiwa ameketi juu ya ubao wa meza yako. Nakukumbuka sana, na yeye anakukumbuka kuliko mimi. Baadaye akatoa kitenge mkobani akaniambia nimshonee gauni, awe mteja wangu wa kwanza. Nikampima. Amekonda tangu uondoke. Kiuno kimekwisha kabisa.

Nimelikata jana, juu ya meza yako. Nimeacha akiba kubwa kila upande, ili akirudi kunenepa nilifumue.

Pumzika, Mama.

Mwanao wa upande wa jikoni