Mikono Yangu, Pedali Zake

Jumatatu, 3 Machi

Magoti amepiga simu mchana. Mimi niko mapokezi, kliniki ya meno, wagonjwa wawili mbele yangu wameshika mashavu, na Daktari anaita anayefuata. Nimeona jina lake tu nikaangusha kalamu — mtu mzima mimi! Anauliza kama onyesho la tarehe ishirini na mbili bado lipo. Nikamwambia lipo, ukumbi walishabandika matangazo, na picha yetu: mimi nimekaa kwenye sinthi, kinanda changu cha umeme, yeye amepiga magoti sakafuni. Akasema basi tufanye mazoezi, tusije tukaumbuka.

Jina la Magoti amelipata hapohapo sakafuni. Mimi napiga sinthi, basi. Waya unatoka kwangu unashuka kwenye pedali zake, zile walizotengenezewa wapiga gitaa, na huko ndiko sauti inakorefushwa, inakokwaruzwa, inakogeuzwa juu chini. Wenzake hukanyaga pedali kwa mguu. Yeye hupiga magoti akazungusha vitufe kwa vidole, kama mtu anayechambua mchele. Ninachotoa mimi ni kitu kimoja, kinachofika kwenye spika ni kingine kabisa. Miaka yote hii sijawahi kujisikia bila yeye hapo katikati.

Alipohama nyumbani Januari alizibeba pedali kwenye sanduku la nguo, kila moja ndani ya soksi. Alisema mapenzi yameisha ila heshima ipo. Heshima! Nani kamwomba heshima.

Anakuja Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeifunua sinthi, nikaichomeka moja kwa moja kwenye spika. Niisikie tu.

Nyembamba. Kavu. Inalia kama mlango wa kabati la jikoni. Ndiyo mimi huyu? Nikazima kabla jirani hajasikia, nikarudishia shuka.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja. Kavua viatu mlangoni, akaviweka palepale anapoviweka siku zote, pembeni ya ndoo. Sikumwonyesha mahali. Wala hakuuliza.

Nilikuwa nimedeki nyumba nzima, nimeoga, nimepaka mafuta, nimevaa lile gauni la kijani. Yeye kaja na fulana ya kazini ina doa la rangi. Tukaongea habari za mvua.

Halafu akashuka sakafuni akaanza kutoa pedali kwenye soksi, moja moja, na mimi nikatazama utosi wake. Nywele zimepungua pale katikati. Yeye mwenyewe hajui, hakuna anayemwona kutokea juu ila mimi. "Shusha kwanza," akasema, kama zamani. Sinthi inatoa sauti yenye nguvu kuliko gitaa. Usipoishusha pedali zinaelemewa, zinakoroma tu. Nikashusha.

Tukapiga. Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau. Nilibonyeza noti moja, moja tu, yeye akaichukua akaifanya mvua, kisha kundi la watu wanaonong'ona ukutani. Nikaondoa mkono. Sauti ikaendelea, kwa sababu pedali ya mwangwi ilikuwa bado inaizungusha. Mimi nimeshaacha, yeye bado anayo! Nikawaza, mtu aliyekuchoka hawezi kukushikilia hivi.

Aliondoka bila kunywa chai. Lakini amesema Jumanne tena.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kapita. Kaona sakafu inang'aa, kaona gauni linakauka kwenye kamba. Akauliza, dada, haya ni mazoezi ya muziki au ni posa? Nikamwambia ashike adabu. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama nakula. Nakula. Nusu sahani, lakini nakula.

Jumanne, 11 Machi

Niandike hili kabla halijapoa.

Katikati ya mazoezi amesimamisha. Akasema, hebu vua ndala, weka mguu hapa sakafuni. Nikaweka. Akatoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akanipima. Kutoka kiti hadi chini. Kutoka kidole gumba hadi kisigino. Ameshika kisigino changu! Mkono wake una joto lilelile. Akaniambia nikanyage kidogo, kama nakanyaga breki. Tena. Akauliza, unachoka upesi? Nikasema sichoki. Ningekanyaga mpaka asubuhi.

Nikamuuliza unanipimia nini, akasema utaona. Akatabasamu, jino la pembeni likaonekana.

Ni kiti. Lazima ni kiti! Siku zote nilikuwa nalalamika kwamba hiki ni kirefu, miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Naye ana mkono wa useremala. Mtu hamtengenezei kiti mwanamke aliyemwacha. Kiti ni kitu cha kukaa nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Mama. Nilisema naulizia mgongo wake, lakini kwa kweli nilitaka kuisema habari ya kiti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, mwanangu, mwanamume anayerudi huja na begi, haji na futi.

Nikamwambia Mama wewe humjui. Akasema ni kweli, simjui, nakujua wewe.

Tukaagana vizuri. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumamosi, 15 Machi

Mazoezi mazuri kuliko yote tuliyowahi kufanya. Simung'unyi maneno.

Tulirudia ule wimbo wa kwanza, uliotokana na kosa. Siku tuliyoanza, yeye hajui pedali na mimi sijui sinthi, alipanga waya kinyume: mwangwi mbele, mkwaruzo nyuma. Utaratibu ni ukwaruze sauti kwanza, halafu uirefushe, ibaki safi. Sisi tulirefusha kwanza, halafu tukaukwaruza mwangwi wenyewe, na chumba kizima kikajaa kitu kama bati linaloungua taratibu. Fundi mitambo wa ukumbi alipotusikia mara ya kwanza alishika kichwa, akasema, kaka, umechomeka vibaya. Magoti akamjibu, najua, tuachie wenyewe. Watu wakatujua kwa sauti hiyo.

Leo ilitoka yenyewe. Nikaacha kupiga, akaishikilia, akaishikilia, akanitazama kutoka chini kule na macho yamelowa. Nimeyaona! Hakuwahi kunitazama hivyo hata siku ile ya ndoa yetu, siku ile alikuwa anatazama saa.

Mlangoni akachelewa kuvaa viatu. Akasema, utapiga vizuri sana tarehe ishirini na mbili. Nikasema tutapiga. Akafunga kamba za viatu, ya kushoto akaifunga mara mbili.

Nimetoa mto wake kabatini nikauanika.

Jumanne, 18 Machi

Hakuja. Ujumbe: kazi zimembana, nisijali, nipige tu kama ninavyojua. Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Anamalizia kiti, bila shaka. Rangi inataka kukauka.

Ijumaa, 21 Machi

Si kiti.

Nilipita ukumbini baada ya kazi kupeleka sinthi. Fundi mitambo akanipokea, akaibeba mpaka jukwaani, halafu akaniambia subiri, kuna mzigo wako. Akatoka na ubao. Ubao mzuri, wa kijivu, umepigwa msasa mpaka kona, upana kama trei kubwa ya chai. Juu yake pedali zote. Zote! Zimefungwa kwa skrubu, waya zimepita chini kwa chini, nadhifu, hata moja haionekani. Upande wa nyuma umeinuliwa kwa vipande vya mbao, mguu wangu ufike. Nimeujaribu. Unafika. Kisigino kinakaa chini, kidole gumba kinagusa kila swichi bila kunyoosha. Kipimo changu kabisa.

Na kila kitufe kina alama. Vipande vidogo vya selotepu nyeupe na kistari cha kalamu, pale anapokiweka yeye. Wimbo wa kwanza kistari chekundu, wa pili buluu, wa tatu kijani. Mikono yake yote ameiandika pale ili asihitajike.

Fundi akasema, jamaa kaniambia nikukabidhi, kwa kuwa kesho anasafiri, anaenda kuanza kazi redioni, mji mwingine, na hatapiga. Kaniambia umeshajua.

Nikasema ndiyo, najua.

Nimesema hivyo huku nimeshika ubao. Najua! Fundi akanitazama, akaenda kukunja waya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mtu mwungwana sana.

Kwa hiyo futi ilikuwa ya hii. Kisigino, breki, unachoka upesi. Wiki zote nilizokuwa najipaka mafuta, mwenzangu alikuwa anapima jinsi ya kuondoka bila kuniacha na upungufu. Angeondoka na pedali zake ningemchukia, nikapona. Sasa nimchukie kwa lipi? Kwa kupiga msasa kona?

Na amepanga sawasawa. Mkwaruzo mbele, mwangwi nyuma, kama inavyotakiwa. Nilikanyaga, nikabonyeza noti. Ikatoka safi, ndefu, nzuri, sauti ya kuweka kwenye tangazo la benki. Bati haliungui. Nadhani alifikiri ananirekebishia.

Nimelia kwenye choo cha ukumbi, bomba nimelifungulia ili Fundi asisikie. Mto nimeurudisha kabatini. Mama sijampigia, atanyamaza tu, na leo siwezi kunyamaziwa.

Jumamosi, 22 Machi

Niko chumba cha nyuma ya jukwaa. Kuna kioo, kuna feni isiyozunguka, kuna ubao wa kijivu sakafuni mbele ya miguu yangu. Onyesho ni la saa kumi. Watu wameshaanza kuingia, nasikia viti. Mdogo wangu yuko mstari wa mbele na Mama kaja, na mgongo wake ule. Gauni la kijani nimelivaa, sina lingine la kupandia jukwaani.

Mchana tulijaribu mitambo. Nikamwomba Fundi kwanza aniache nipige bila ubao, sinthi moja kwa moja kwenye spika zake kubwa. Ikatoka ile ile, ya mlango wa kabati. Lakini ukumbi ni mkubwa, na mlango ukawa mkubwa. Sikuzima. Nilikaa nao kidogo. Nikamuuliza unasemaje, akajikuna shingo, akasema, dada, haina nguo hiyo. Halafu akasema, ila mtu atageuka kuangalia. Akasema niamue mwenyewe, yeye ana tundu mbili kwenye mashine yake, moja ya ubao, moja ya sinthi tupu, waya ni mmoja. Nikamwambia nitaamua.

Ndiyo kwanza nilikuwa naamua, mlango ukagongwa.

Ni yeye. Shati la kupiga pasi, tiketi mkononi. Amekata tiketi, kama mtu baki! Akasema asingeweza kusafiri bila kusikia. Akauliza kama ubao unafaa. Nikasema unafaa. Akauliza mguu unafika. Nikasema unafika. Nilitaka kusema mengi, mengine ya matusi, nikakuta yamebaki hayo mawili tu.

Kisha akautazama ubao, akakunja uso, akasema waya mmoja umelegea. Akashuka. Suruali ya pasi na yote, magoti chini, vidole vimeshaanza kazi.

Naandika ili nisimtazame utosi.

Fundi amechungulia, ameuliza tuko tayari, amemwona, amefunga mlango polepole. Huko nje Mama anakohoa, namjua kikohozi chake. Yeye bado yuko chini. Waya aliosema umelegea ameukaza kitambo, sasa anagusa tu kitufe kimoja kimoja, kila kimoja kiko kwenye alama yake, hakuna cha kurekebisha na hainuki. Mkono wangu wa kushoto uko karibu sana na kichwa chake, niliuweka hapo nikiandika kwa huu wa kulia, sijui niliuweka lini.

Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia mpangilio wa nyimbo.

Ameuliza, bila kuinua kichwa, nianze kukuchomekea wapi. Mkwaruzo, mwangwi, au lile tundu la sinthi tupu, bado sijaamua. Waya ameushika yeye, ncha imenielekea mimi.