Mama huweka dawa siku za kliniki tu

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi imekaza hapa Mlowo na upepo haujatulia tangu asubuhi. Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na Mama yuko chumba cha pili, atanisikia.

Mama ana presha ya macho, ule ugonjwa unaoua mshipa wa jicho polepole bila maumivu. Huu mwaka wa nne. Kliniki walimpangia kama wanavyowapangia wote: rudi baada ya miezi sita. Kila akirudi wanampima, presha nzuri, wanaandika kwenye kadi aendelee na dawa ileile ya matone, miezi sita tena. Na mimi nikajiona mtoto mwema. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia simu kijijini kwake Igamba wiki moja kabla, kumkumbusha kliniki.

Jumapili alijigonga kwenye kichanja cha kahawa, uani kwake mwenyewe, mahali anapoanika kahawa tangu sijazaliwa. Hakukiona. Basi leo nikamfuata, nikampeleka hospitali ghafla, bila miadi na bila kumpigia simu kwanza.

Presha imekutwa juu mno. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Daktari, kijana mpole, aligeuzageuza kadi. Vipimo vizuri miaka yote, na mshipa umekufa. Akamuuliza taratibu, "Bibi, dawa unaweka kila siku?"

Mama akatazama mikono yake. "Naweka nikikaribia kuja huku, baba. Huyu akipiga simu, naanza."

Huyu ni mimi.

"Inanifanya macho mekundu," akaendelea. "Mzee, mjane, macho mekundu. Si unajua watu watakavyosema?"

Daktari hakubisha. Na mimi najua. Kuna bibi jirani yetu kule Igamba aliyeharibiwa macho na moshi wa kuni; watoto walianza kumkimbia njiani, kisha wakubwa wakaacha kula kwake. Mama aliyaona yote hayo. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita alijifungia ndani wiki moja akisingizia mafua, akaweka matone, akaja kupimwa. Sisi tukafurahi.

Daktari anasema wagonjwa hawafanani. Wapo ambao miezi sita inawatosha, lakini Mama alihitaji kuonwa kila mwezi, na mara nyingine bila kujua siku. Dawa nyingine isiyoleta wekundu huku kwetu haipatikani. Sasa amempangia wiki tatu, na amenivuta pembeni akaniambia nisimtajie tarehe.

Nimekubali. Nimekubali kumvizia mama yangu mzazi.

Nina hasira na kliniki kwa kutupangia sote kalenda moja. Lakini nisijidanganye. Miaka minne sikuwahi kumuuliza Mama anaishije na ile dawa. Nilimuuliza kuhusu kliniki, nikaridhika.

Jioni tumekaa kula, yeye akipapasa sahani. Akaniuliza, "Nikiweka kila siku, hili la kushoto litarudi?"

Hapana, Mama.

"Hili la kulia litabaki?"

Nikamwambia daktari mwenyewe hana uhakika.

Akamalizia tonge lililokuwa mdomoni. Kisha akasema, bila hasira kabisa, "Kwa hiyo niitwe mchawi, na bado niwe kipofu."

Kesho asubuhi nitamwekea matone mwenyewe, na keshokutwa pia. Jumapili anarudi Igamba, na macho yatakuwa mekundu tayari.