Ng'ombe Asiye na Nundu

Baba, shikamoo. Jua la Garsen linakausha rangi kwenye brashi kabla haijagusa karatasi.

Yule bibi Mfaransa niliyekuja kumtafsiria amechora mabango maisha yake yote: sabuni, biskuti, sarakasi. Kompyuta zilipokuja aliambiwa akapumzike. Hakupumzika.

Juzi tulibandika sokoni bango lake la chanjo ya mifugo. Upande mmoja ng'ombe amekonda. Upande wa pili ni yuleyule, amechanjwa, amenona. Aliyekonda alimchora akimwona hapa. Aliyenona alimtoa kichwani, kwa mazoea ya kwao. Mfugaji mmoja wa Kiorma akalitazama sana, akaniuliza, "Hii chanjo yenu inapeleka nundu wapi?" Kweli, mgongo ulikuwa umenyooka kama meza, kama wa ng'ombe wa Ulaya. Wenzake wakaanza kuswaga ng'ombe wao kurudi nyumbani.

Nilipomweleza bibi, hakubisha. Alilichana bango mwenyewe, akaomba kigoda, akaketi mbele ya fahali wa yule mfugaji kuchora nundu tu, karatasi baada ya karatasi. Kila moja mwenye fahali alitikisa kichwa. Ya kumi na mbili akasema, "Huyu namjua." Leo asubuhi ng'ombe wake ndio waliochanjwa kwanza.

Baba, mkono wa bibi unatetemeka kuliko huo wako uliokufanya uache kuandika mabango ya maduka. Zile brashi ulizoniambia nizigawe, sikuzigawa. Ziko huko nyumbani, chini ya kitanda changu. Nikirudi nikukute na rangi vidoleni.

Mwanao akupendaye,
Kadzo