Nimemuuza Tavaris Mbele ya Darasa Zima

Verlene, shika simu! Nimetoka darasani sasa hivi, na sauti bado inatetemeka.

Leo ulikuwa mtihani wa kuzungumza, ule wa kushawishi watu. Usipofaulu, hakuna cheti cha kuhitimu mwezi wa tano. Nikasimama na daftari langu nikasema timu ya kikapu ya mji wetu imtoe nyota wake Tavaris Boone, imuuze kwa timu ya Denver, nasi tupewe Craig, lile jitu lao linalodaka kila mpira unaogonga ubao. Tumefungwa mechi nane kwa kukosa mtu kama huyo!

Wenzangu wakanizomea. Mwalimu Pruitt, na soksi zake za timu, akasema, "Bi Odessa, kaa chini. Tavaris hauzwi."

Kaa chini! Mimi, na miaka yangu sitini na mbili!

Keyshon wa dawati la nyuma naye akadakia: "Mama, si ndiye unayemwombea kwa jina kila tukimaliza kipindi? Unamwombea mtu halafu unamuuza?"

Verlene, darasa zima likanigeukia. Nikamwambia, "Namwombea goti lake lipone. Namba kwenye timu sijamwahidi."

Wakacheka, hata mwalimu akacheka. Lakini alama hakunipa! Ati nirudi Alhamisi na mada nyingine, labda mapishi. Mapishi, Verlene!

Nimeshasali hapa kituo cha basi, na moyo wangu umetulia. Alhamisi narudi na Craig yuleyule. Mwalimu anifelishe akitaka, lakini anisikilize mpaka mwisho.

Usiniombee nibadili mawazo. Niombee sauti isitetemeke.