Maji Niliyoyachuja Mara Tatu

Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu mimi mama yako. Baba yako hajambo, mgongo tu, na bado anakarabati boti ambazo hakuna anayezishusha majini. Shangazi yako anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Bibi wa genge anakusalimu na anasema umemsahau. Mwanao Kibogoyo anakusalimu kuliko wote, jino la pili limeng'oka jana na amelificha, hataki kusema wapi. Kuku nao wazima. Mgonjwa ni ziwa.

Mwanangu, linanuka. Si ile harufu ya samaki, hiyo tuliizoea. Limekuwa uji wa kijani unaovutika kama makamasi. Mvua ilichelewa miezi miwili, kisha ikamwagika yote kwa siku mbili na kushusha kila uchafu. Baada ya hapo jua, jua tu, na upepo hakuna. Maji ni vuguvugu hata alfajiri, kama mtu ametoka kuyaoga. Samaki wanaelea matumbo juu, mbwa wanawanusa na kuondoka. Nilipoolewa hapa nilikuwa nasimama kwenye maji ya kifua nikaviona vidole vya miguu yangu.

Na bomba letu linavuta hapohapo. Kibogoyo ametapika mara mbili wiki hii. Watu wa ofisi ya maji wamesema hawalihamishi bila kipimo. Nikasema, nina mtoto maabara, nahangaika nini? Nimekutumia chupa kwa dereva wa lori la vitunguu. Usiwe na wasiwasi, nimeyachuja mara tatu kwa kitambaa cheupe, nikayachemsha. Sikuweza kupeleka uchafu ule ofisini kwako, wenzako waseme umetoka kwa watu gani.

Ni mimi mama yako


Tarehe 9 Machi

Mama, shikamoo. Mpe baba shikamoo yake.

Chupa ilifika siku ambayo sikuwepo. Mwenzangu akaona maji meupe, akatafuta vijidudu na tope, hakuona kitu. Akaandika kwamba hayana kasoro, na karatasi imeshakwenda ofisi ya maji. Nilicheka, mama, kisha nikaingia chooni kulia.

Sasa nitumie machafu. Chupa mbili, moja ya pale bomba linapovuta na moja ya pale kijito kinapoingilia. Usichuje, usichemshe, usione aibu. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Na Kibogoyo anatapika bado?

Ni mimi mwanao


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Hatujambo kidogo. Kibogoyo hajatapika tena lakini chakula anakisukuma. Usiogope, kila tone analokunywa nalichemsha mwenyewe mpaka litokote.

Maji yako hayo. Niliingia mpaka magotini, ule uji ukaning'ang'ania miguu kama kitu chenye uhai. Kwenye kijito, chini ya kabichi zetu, ndiko kuzito zaidi. Baba yako alishika chupa moja akaenda kutapika nyuma ya boti. Bibi wa genge akapita akauliza, "Siku hizi unauza supu?" Nikamwambia, "Lete bakuli." Nimeosha mikono kwa sabuni mara nne na bado nainusa nikiwa nakula.

Mama yako


Tarehe 22 Machi

Mama, shikamoo.

Ule uji ni vijidudu hai na vinatoa sumu inayoharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi. Narudia, mama: kuchemsha hakuiondoi. Asinywe tena maji ya bomba hilo.

Kinacholilisha ni mbolea. Zamani mvua zilikuja kidogokidogo, na matete ya ukingoni yalichuja kila kitu kama kitambaa chako. Tukayakata matete tukapanda kabichi mpaka majini, sisi na wenzetu wote. Siku hizi mvua moja inakokota mbolea ya msimu mzima. Upepo nao haukorogi tena, ziwa limekaa kama sufuria yenye kifuniko, joto juu. Chupa ya chini ya kabichi zetu ndiyo mbaya kuliko ya bomba. Kabichi hizo ndizo zilinisomesha, najua. Nisamehe.

Ijumaa nakuja kumchukua mwanangu.

Mwanao


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu. Barua yako nilimsomea baba yako. Alichukua jembe akaenda kung'oa kabichi, anazing'oa mpaka sasa hivi.

Nimekuwa nikitema mate kila nikipita ufukweni, nikiwatukana wenye viwanda, wenye boti, na Mungu nusura. Mchawi namtafuta kwa jirani kumbe nalala naye. Kinyaa kimenigeukia. Nilikwenda bombani kuwaambia wanawake wasichote. Wakanionyesha karatasi ya kipimo, ofisi ya maji imeibandika bombani: "Si maji yako haya, ulipeleka mwenyewe? Yamepimwa, ni mazuri." Wakajaza ndoo zao wakaondoka. Hata bibi wa genge.

Njoo umchukue Kibogoyo. Nilikulilia mwaka mzima uniachie, sasa mimi ndiye nasema mtoe hapa. Lakini leo ni Jumatatu. Macho yake asubuhi niliyaona kama yana unjano, baba yako anasema ni mwanga wa dirisha. Nimempa soda, imekwisha, genge halina nyingine. Sasa amelala. Akiamka ataomba maji, na sufuria niliyomchemshia jana imejaa, imefunikwa vizuri, safi machoni. Nimpe yapi?

Dereva wa vitunguu anayekuletea barua hii analala huko na kugeuza kesho asubuhi. Usimwache aondoke mikono mitupu, bila maji ya mwanao.

Mama yako